Dakika Tatu za Twila

Alhamisi saa kumi jioni Verna Lykins alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, pini sita mdomoni, akipima pindo la gauni la mjukuu wake. Renae alisimama juu ya kiti na soksi zake, mikono ameinyanyua kidogo kama mtu anayevuka kijito. Jikoni kulinukia maharage yaliyokuwa yakitokota na mfupa wa nguruwe, na mkate wa mahindi ulikuwa umeshaiva, umefunikwa kitambaa.

"Tulia," Verna alisema bila kufungua meno.

"Nimetulia, Bibi. Ni kiti."

"Kiti hicho kimenizidi umri na hakijawahi kutikisika. Ni wewe."

Gauni lilikuwa la kijani, refu kwa vidole vinne. Lilikuwa la dansi ya kuagana, inayofanyika kila mwaka Jumamosi ya pili ya Mei katika ukumbi wa michezo wa shule ya Corliss, Ohio, kabla wanafunzi wa darasa la mwisho hawajatawanyika. Kila mwaka huchaguliwa malkia, akavishwa taji, akatoa hotuba ya shukrani. Mwaka huo, 1990, walipendekezwa wasichana watatu, na wawili walikuwa wamezunguka shule nzima wakiwaomba wenzao wampigie kura Renae. Mmoja alikuwa na wimbo wa kuimba peke yake kanisani kesho yake, na hakutaka kikohozi. Wa pili alisema tu kwamba ni zamu ya Renae, maana Twila alikuwa shangazi yake.

Malkia wa Corliss hukohoa siku tatu baada ya kuvishwa taji. Hilo linajulikana. Taji likigusa nywele zake, sauti inayotoka kinywani mwake si yake tena bali ya Twila Lykins, binti wa Verna, aliyefia katika ukumbi huo huo mwaka 1981 akiwa na miaka kumi na saba. Mwaka wa kwanza watu walikaa kimya wakasikiliza. Kabla haijaisha mwalimu mkuu, Mwalimu Ashbaugh, aliona kwamba hotuba inachelewesha keki, akaashiria bendi ipige, na mwaka wa pili akaweka sheria ya dakika tatu. Dakika tatu zikiisha, bendi ya shule hupiga. Alisema hata mhubiri hupewa muda, na watu waliona ana haki. Tangu hapo karatasi ya maelekezo ya dansi ina mstari unaosema: *Malkia aje na shali.*

"Bibi," Renae alisema kule juu.

"Naam."

"Nimeongea na Mwalimu Tipton."

Mwalimu Tipton alikuwa mwalimu wa muziki, na bendi ilikuwa yake. Verna alitoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye pindo, akaichomoa, akaichomeka tena palepale.

"Umeongea naye nini?"

"Nimemwomba asipige. Nimemwambia shangazi hajawahi kumaliza hata mara moja. Akasema ana bega baya, huwa linakufa ganzi majira ya masika, na bendi haianzi mpaka ainue mkono."

"Tipton hana bega baya."

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema litakuwa baya kufikia Jumamosi."

Verna aliendelea na pindo. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mpishi wa shule kwa miaka ishirini na miwili. Sasa pini ilimchoma kidole gumba, akakinyonya.

"Hutaki amalize?" Renae aliuliza.

"Geuka nipime nyuma," Verna alisema.

Hakuweza kumwambia mtoto kilichokuwa moyoni mwake. Kwa mwaka mzima alikuwa na dakika tatu za binti yake. Alizingoja kama wengine wanavyongoja Krismasi. Kila Mei alikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na mlango wa pembeni, akamsikia Twila akisema "Mama yangu," kwa ile namna yake ya kuuvuta mwanzo wa neno. Na hotuba ni hotuba. Mtu akishamaliza kusema alilokuja kusema, hushuka jukwaani akaenda zake.

*

Mambo yalikuwa hivi. Majira ya masika ya mwaka 1981 watu wa sinema walikuja Corliss kutoka California kutengeneza filamu ya kutisha. Filamu ilihusu malkia wa dansi anayeteketeza shule yake, na walihitaji ukumbi wa kweli na vijana wa kweli waliovaa magauni ya kweli. Kamati ya wazazi ilikutana jioni moja, ikawapa dansi ya mwaka ule. Si ukumbi peke yake, dansi yenyewe. Watu wa sinema waliahidi sakafu mpya ya ukumbi. Vijana waliambiwa waje kama walivyopanga, wacheze kama kawaida, na wakisikia filimbi wakimbilie milangoni wakipiga kelele.

Twila alikuwa ameshachaguliwa malkia kwa kura halali, lakini taji la usiku ule lilikwenda kwa mwigizaji mmoja wa miaka ishirini na sita. Mwalimu Ashbaugh alimwambia Twila asijali, atatoa hotuba yake kamera zikishazimwa. Twila aliiandika kwenye kadi ndogo, akaiweka ndani ya glovu ya mkono wa kushoto.

Mlango wa pembeni wa ukumbi ulikuwa umefungwa mnyororo. Huo haukuwa mpango wa watu wa sinema. Mwaka 1968 wavulana wawili walitoka kwa mlango ule katikati ya dansi, wakaenda kunywa pombe, wakaingiza gari mtoni. Tangu hapo mlango wa pembeni hufungwa mnyororo na kufuli usiku wa dansi, kwa usalama wa watoto. Mwongozaji wa filamu aliuona mnyororo akaupenda, akahamisha kamera moja iutazame.

Moshi ulitoka kwenye mashine ya watu wa sinema. Ulikuwa mwingi kuliko ilivyotarajiwa. Vijana wengi walitoka kwa mlango mkubwa. Twila aliangushwa, akasukumwa upande wa pembeni, na huko ndiko alikokutwa. Daktari wa wilaya aliandika kwamba moyo wake ulikuwa dhaifu. Kwa moyo huo Twila alikuwa amekimbia maili moja kila asubuhi tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Hakuna aliyetia neno. Sakafu mpya ililetwa Julai.

Filamu ilipata tuzo. Verna aliiona sherehe kwenye televisheni akiwa anamenya viazi. Mwongozaji alipanda jukwaani amevaa suti nyeupe, akamshukuru mkewe, akamshukuru mbwa wake kwa jina, kisha akasema, "Na watu wa Corliss, Ohio, waliotupa kila kitu walichokuwa nacho." Aliongea dakika tano na muziki haukumkatiza. Mjini watu walilia kwa fahari. Hotuba hiyo ikachapwa kwenye kibao cha shaba, na kibao kikapigiliwa mlangoni mwa ukumbi. Duka la kanda za video mpaka leo huiweka filamu dirishani kila Mei. Kuna mahali ndani yake, kwa sekunde kumi na moja, mkono wenye glovu nyeupe unagonga kioo cha mlango. Wajuzi wa sinema wameandika kwamba hakuna uigizaji wa kweli kama ule.

Kwenye kioo cha mlango wa pembeni, kioo kidogo chenye nyavu za waya ndani, alama ya kiganja ilibaki. Delmar Stiltner, mtunza jengo, huifuta kila Jumatatu kwa siki na gazeti. Jumanne inakuwa imerudi.

*

Ijumaa Delmar alikuja kukata nyasi. Alikuwa akikata nyasi za Verna kila Ijumaa tangu kiangazi cha mwaka 1981, na wakati wa baridi alikuja kuzoa theluji. Hakuna aliyemwomba. Hakuwahi kuingia ndani. Akimaliza alisimama getini, Verna akampelekea chai baridi yenye sukari nyingi, akainywa amesimama.

Siku hiyo alikata mistari miwili akasimama. Akakata mmoja akasimama tena. Verna alimtazama kupitia dirisha la jikoni, kisha akatoka na glasi kabla ya wakati wake.

"Umeacha kipande kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa na kaka yake," alimwambia.

"Nitarudia, Dada Verna." Walisali kanisa moja, na ndivyo alivyomwita siku zote. Alizungusha glasi mikononi. "Nasikia bega la Tipton linamuuma."

"Nami nimesikia."

"Kwa hiyo kesho hakuna muziki."

"Utakuwepo. Utachelewa tu."

Delmar alitazama mashine yake. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono iliyopasuka kwa sabuni za sakafu, na shingo yake ilikuwa nyekundu kuliko jua la siku ile lilivyostahili. Kila mwaka hotuba ya Twila ilikatizwa mahali pamoja. Alimshukuru mama yake, akamshukuru mpwa wake, akamshukuru rafiki aliyemwazima viatu, akamshukuru dereva wa basi la shule, akamshukuru Mwalimu Ashbaugh, kisha akasema, "Na namshukuru Bwana Stiltner." Hapo bendi ilipiga. Mara nane jina la Delmar lilikuwa neno la mwisho, na mara nane watu walimgeukia wakatabasamu, wakidhani ni kwa sababu alikuwa akimfungulia msichana kabati lake alipopoteza ufunguo.

"Siku ile nilikuwa kwenye gari la kahawa la watu wa sinema," Delmar alisema. "Niliwaambia hivyo."

"Uliwaambia."

"Lilikuwa nje ya uwanja. Mbali kidogo."

"Kunywa chai yako, Delmar, barafu inayeyuka."

Alikunywa. Akarudia nyasi zote tangu mwanzo, na zile za jirani pia.

Usiku Verna hakula. Alikaa na gauni la kijani mapajani akishona pindo kwa mkono, ingawa cherehani ilikuwa palepale. Alifikiri: kama atamtaja mtu, itakuwaje? Kisha akafikiri: kama hatarudi tena, itakuwaje? La pili ndilo lililomfanya afumue mishono na kuanza upya. Renae alipita akielekea kulala, akamwekea shali mabegani, akazima taa ya barazani ili wadudu wasiingie.

*

Jumamosi saa mbili kasoro robo jua lilikuwa bado kwenye madirisha ya juu ya ukumbi. Kulikuwa na karatasi za rangi zimesokotwa kutoka dari mpaka ukutani, meza ya sharubati ya matunda, na keki ndefu ambayo Verna mwenyewe aliipaka sukari asubuhi. Delmar alikuwa ameshafunga mnyororo kwenye mlango wa pembeni. Kufuli lilikuwa la aina inayojifunga yenyewe ukiibonyeza. Ufunguo ni wa kufungulia tu. Baba wawili wa kamati walisimama kando yake na vikombe vyao, kama ilivyo desturi. Verna alikaa kwenye kiti chake, hatua nne kutoka hapo.

Saa mbili na nusu Mwalimu Ashbaugh alifungua bahasha na kusoma jina ambalo kila mtu alilijua. Watu wakapiga makofi. Renae alipanda jukwaani, shali mkononi. Alimtafuta bibi yake kwa macho, akampata, akatikisa kichwa kidogo, kama kusema kiti hakitikisiki.

Taji likawekwa.

Kulikuwa na ile harufu ndogo ya moshi, kama ya kibiriti kilichozimwa chumba cha pili. Pindo la gauni la kijani lilibadilika rangi kidogo, kama lililoburutwa majivuni. Verna alifikiri itabidi aliloweke kwenye maji ya baking soda.

"Asanteni," Twila alisema. "Sikutegemea, lakini niliandika tu, isije ikawa. Kwanza namshukuru mama yangu. Alishona gauni hili kwa pazia la sebuleni, akakaa wiki tatu na shuka dirishani, na watu walipomuuliza akasema pazia liko kwa dobi. Namshukuru Renae, ana miaka minane, aliyenichagulia rangi ya kucha. Ni mbaya sana, lakini nimeipaka."

Watu wakacheka mahali pale pale wanapocheka kila mwaka.

Akamshukuru rafiki wa viatu. Akamshukuru dereva wa basi aliyekuwa akimngojea asubuhi za baridi hata akichelewa. Akasema, "Namshukuru Mwalimu Ashbaugh, aliyeniambia nitatoa hotuba yangu filamu ikiisha." Mwalimu Ashbaugh aliinamisha kichwa kupokea, kisha akatazama saa, kisha akamtazama Mwalimu Tipton.

Mwalimu Tipton alikuwa amesimama mbele ya bendi, mkono wa kulia umening'inia kama mkono wa koti. Wapiga tarumbeta walikuwa na tarumbeta midomoni wakingoja.

"Na namshukuru Bwana Stiltner," Twila alisema.

Hakuna kilichopigwa. Verna aliushika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Bwana Stiltner alikuwa upande wa pili wa mlango. Alikuwa na kikombe cha kahawa mkono mmoja, na ufunguo kiunoni. Nilimwona kwa kioo, naye aliniona. Nilipogonga alinipungia mkono. Alidhani naigiza, akafurahi kwamba naigiza vizuri. Mimi sijui kuigiza, Bwana Stiltner. Lakini ulitabasamu vizuri, na ndilo lilikuwa la mwisho kuliona, kwa hiyo asante. Namshukuru yule mwenye suti nyeupe, aliyesema msizime, huyu ni mzuri. Nawashukuru ninyi wa kamati. Najua ilikuwa vigumu kukaa kimya daktari aliposema moyo wangu ni dhaifu, na najua mlikuwa mmeahidiwa sakafu. Ni sakafu nzuri. Naisikia mnapocheza."

Alitazama chini, kama mtu anayegeuza kadi.

"Sina kinyongo na mtu. Nina ombi moja tu. Mtu aje afungue mlango. Nipo hapa hapa."

Kisha Renae akakohoa kwa sauti yake mwenyewe, na msichana mmoja akampa maji.

Makofi yalianza polepole, yakajaa ukumbi. Watu walisimama. Mama mmoja alifuta macho, akamwambia jirani yake kwamba tangu aanze kuja kwenye dansi hizi hajasikia hotuba nzuri hivi. Yule mwenye duka la kanda alisema ni bora kuliko ile ya kwenye tuzo. Mwalimu Ashbaugh alichukua kipaza sauti, akamshukuru Twila kwa maneno yake ya moyoni, akatangaza keki. Bega la Mwalimu Tipton likapona, bendi ikapiga.

Baba wawili walibaki kando ya mnyororo. Mmoja aliutazama, akaupima kwa kidole kama mtu anayepima unyevu wa udongo, akaenda kujaza kikombe.

Delmar alisimama karibu na ufagio wake. Mkono wake ulikuwa kiunoni kwenye funguo, na uliendelea kuwa hapo mpaka watoto wote walipokwisha kwenda nyumbani kwa mlango mkubwa.

Verna alitaka kusimama. Zilikuwa hatua nne. Alijiambia ni magoti, na kweli magoti yake yalikuwa mabaya. Alikata keki vipande mia na ishirini, akahakikisha baba wawili wa mlangoni nao wamepata.

*

Renae alikohoa siku tatu. Verna alimpikia supu ya kuku yenye madonge ya unga, akalala kwenye kiti kando ya kitanda. Malkia hawakumbuki walichokisema, na siku ya pili, alipoweza kuongea, Renae aliuliza.

"Alimaliza?"

"Alimaliza, mwanangu. Ulisimama vizuri sana."

"Alisema nini mwishoni?"

"Alisema mlango ufunguliwe."

"Ukafunguliwa?"

"Jumapili asubuhi," Verna alisema. "Delmar alipokuja kufagia."

Renae akageukia ukutani. Verna alimpandishia blanketi, akampapasa mgongo mpaka akasinzia.

Kabla ya kiangazi kwisha Renae aliandikia kamati barua kuhusu mnyororo. Kamati ilimjibu kwa karatasi nzuri ya nembo, ikamshukuru kwa kujali, ikamkumbusha wale wavulana wa mwaka 1968. Katika kikao hicho hicho waliamua kuongeza muda wa hotuba kutoka dakika tatu hadi tano, kwa kuwa imeonekana kwamba inatosha, na keki haikuharibika. Septemba Renae alikwenda Cincinnati kusomea uuguzi. Aliandika nyumbani kila wiki, na katika kila barua, karibu na mwisho, aliuliza kuhusu mlango.

Ijumaa ile ya kwanza baada ya dansi Delmar alikata nyasi kama kawaida. Verna alimpelekea chai. Safari hii hakuinywa.

"Nilimpungia, Dada Verna," alisema. "Nilikuwa hapo. Nilimpungia hivi." Akainua mkono, akauonyesha. "Nikafikiri, mtoto wa Verna huyu, tazama alivyo hodari. Nikafikiri nitakuja kukuhadithia."

Verna alisikiliza ndege kwenye waya wa simu.

"Miaka tisa nimekuwa nikikuhadithia kichwani," Delmar alisema.

"Najua."

"Unajua?"

"Mtu hakati nyasi miaka tisa kwa sababu anapenda nyasi, Delmar."

Alijifuta uso kwa kofia. Kisha akafungua pete ya funguo, akatoa mmoja, mdogo wa shaba, akauweka kwenye kiganja cha Verna na kumfunga vidole juu yake. "Kufuli linajifunga lenyewe. Kulifunga sihitaji huu. Wakisema nifunge, nitafunga, ndiyo kazi yangu. Lakini wa kufungulia uwe kwako. Hawatakuuliza kitu. Hakuna atakayethubutu kukuuliza wewe."

"Na Jumapili utafunguaje ukija kufagia?"

"Nitakuja kuazima."

Verna aliuweka kwenye kopo la vifungo, juu ya cherehani. Mwaka mzima alijua ulipo. Alipofungua kopo kutafuta kifungo ulimtazama, akafunika.

*

Mei ya mwaka 1991 malkia alikuwa binti wa dereva wa basi, mtoto mwembamba mwenye shali ya manjano. Verna alikaa kwenye kiti chake, hatua nne kutoka mlangoni, mkoba mapajani, na ufunguo ndani ya kiganja cha kushoto umeshapata joto. Alikuwa amemwandikia Renae kwamba mwaka huu atasimama. Alikuwa amefanya mazoezi ya magoti, kwenda na kurudi barazani, kila jioni tangu Aprili.

Hakulala wiki nzima, kwa kuwa hakujua kama kutakuwa na mtu wa kumfungulia. Hotuba ilikwisha mwaka jana. Huenda Twila ameshakwenda zake, na huyu mtoto atasema asante kwa sauti yake mwenyewe ya puani, na basi.

Taji likawekwa. Harufu ya kibiriti ikaja.

"Asanteni," Twila alisema. "Sikutegemea, lakini niliandika tu, isije ikawa. Kwanza namshukuru mama yangu."

Verna alifumba macho. Furaha ilimpanda kutoka miguuni kama maji ya moto kwenye beseni. Alijua vizuri kabisa kwa nini binti yake amerudi, na furaha haikupungua.

Atasimama baada ya pazia, alijiambia. Asikie la pazia kwanza. Likaja la pazia, likaja la shuka dirishani. Basi baada ya kucha, maana hapo watu hucheka, na katikati ya kicheko hakuna atakayegeuka kumtazama. Watu wakacheka. Likaja la viatu, likaja la basi, na dereva wa basi alisimama nyuma akipokea shukrani kutoka kinywa cha mwanawe. Likaja la Bwana Stiltner. Delmar, kule kwenye ufagio wake, hakumwangalia mtu mwingine ila Verna.

Kama atafungua, atakuwa amemfungulia. Atatoka. Atashuka kwenye nyasi zile, apite uwanja, aende wanakokwenda. Na Mei ijayo msichana fulani atasema asante kwa sauti yake, na Verna atakwenda nyumbani kuosha trei za keki.

"Mtu aje afungue mlango," Twila alisema. "Nipo hapa hapa."

Watu wakasimama na kupiga makofi. Katikati ya makofi Verna alisikia kugonga, kwa vifundo vya vidole, kwa adabu, kama Twila alivyokuwa akigonga mlango wa chumba cha mama yake asubuhi kumwamsha. Aligeuza kichwa. Kwenye kioo kidogo chenye waya kiganja kilikuwa kimejitokeza upya, cheupe, vidole vitano vimepanuka.

Mwakani, Verna alisema moyoni. Mwakani, mwanangu, Mungu akinipa uzima.

Akainua mkono mtupu, akampungia.